Mtaalamu wa Kukodiwa Mbele ya Kadhi

Wapo wasemao kuwa sharti la uadilifu wa shahidi latosha kuilinda mahakama na wataalamu wanaolipwa. Kauli hii ina kasoro, na kesi za hataza, yaani haki ya mvumbuzi, zinaidhihirisha.

Mwaka 1860, Henry Medlock alipata hataza Uingereza kwa njia ya kutengeneza rangi ya majenta kwa kuoksidisha anilini kwa asidi ya arseniki. Waraka wake ulisema mchanganyiko uachwe kwa muda, au upashwe moto ili kuharakisha kazi. Kampuni iliyomiliki hataza ikamshitaki Holliday. Ushahidi wa kikemia ukaonyesha kuwa bila ya moto rangi haipatikani. Wenye hataza wakajitetea kuwa fundi mjuzi angeligundua kosa hilo. Mwaka 1866 Baraza la Malodi, mahakama ya mwisho ya rufaa wakati huo, likaibatilisha hataza.

Hapo chungu chenyewe kilijibu. Lakini maswali mengi ya kikemia huishia kwenye rai. Mwaka 1876, katika kesi nyingine ya hataza, Jaji Jessel alieleza kuwa mtu huweza kuwaendea wataalamu sita. Watatu wakamuunga mkono, watatu wakampinga, naye akawaleta mahakamani wale watatu wa kwanza tu.

Zingatia: hao watatu huenda wote ni waadilifu na hakuna aliyesema uongo. Dhulma imo katika uteuzi. Mafakihi wanamkataa shahidi anayejivutia manufaa, na Mahanafi wanaukataa ushahidi wa mwajiriwa maalumu kwa mwajiri wake. Kanuni hizi zinamchuja shahidi aliyekuja. Hazituambii ni nani aliyeachwa nyumbani.

Dawa imo katika mlango mwingine wa fiqhi. Kwa Wamaliki, mtaalamu aliyetumwa na kadhi ni mtoa habari, na mmoja hutosha. Basi kadhi amteue mwenyewe, jaribio lifanywe mbele ya wagomvi wote, na kila upande uruhusiwe kumhoji, kwani naye hukosea.

Tusilidharau jambo hili. Mwaka 1988, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Kuwait iliamua kuwa haki ya uvumbuzi ni mali inayolindwa na sheria. Mali ya mtu haiondoshwi kwa rai iliyochaguliwa na hasimu wake.

Wallahu a'alam.