Ukakasi wa Rioja

Wajuzi wa mvinyo mwekundu wa Hispania wana maneno yao: cheri, ngozi, vanila. Mtu wa Feri asiyewahi kutafuna cheri afanyeje? Akiziazima cheri za watu, ataazima na hukumu yao.

Nimeonja chupa ya Rioja, daraja la crianza, yaani mvinyo uliotunzwa walau miaka 2, mmoja wake ndani ya pipa la mwaloni. Kinachotangulia ulimini ni zambarau iliyoiva. (Asiyekunywa anisamehe, zambarau ni halali kwa wote.) Kisha huja ukakasi, ule ule wa bibo, unaokausha ufizi na kuukamata ulimi. Neno hilo sijaona la wageni linalolishinda. Ile vanila ni ya pipa, si ya zabibu, na kwangu ilizidi kidogo.

Husemwa unywewe kwa joto la chumba. Chumba cha nani? Cha Ulaya hicho, nyuzi 16 hadi 18. Jioni ya Februari hapa kwetu, nyuzi 30, chupa hutoa harufu ya spiriti tupu. Izamishwe robo saa katika barafu, nayo Feri haina uhaba wa barafu.

Changu wa kukaanga usimwoze mvinyo huu. Huacha ladha ya chuma kinywani. Pweza ndiye mwenziwe. Watu wa Galicia, kaskazini-magharibi ya Hispania, humchemsha wakamnyunyizia pilipili nyekundu ya unga. Wa Feri, aliyekaangwa na kutiwa pilipili yetu kali, aliushika ukakasi ule vizuri, nikaongeza kipande cha pili.