Maliwato ya Stendi na Hesabu ya Maji

Nimesafiri kwa basi kati ya Dar es Salaam na Nyanda za Juu Kusini kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda huo wote hakuna jengo nililolitegemea sana, na kulisema vibaya mara nyingi, kama choo cha stendi. Wenzangu huhakiki vitabu na michezo ya kuigiza. Mimi naomba ruhusa ya msomaji nihakiki choo.

Choo chenyewe kiko katika stendi moja kubwa ya mabasi ya mikoani. Sitaitaja jina, maana waliokijenga hawapo hapa kujitetea. Mwaka 2019 kilifungwa kwa miezi kadhaa, kikafunguliwa upya kikiwa na vigae vyeupe hadi darini na kibao mlangoni kilichotutangazia kwamba hiki sasa ni choo rafiki wa mazingira. Ndani mlikuwa na mabomba yanayotoa maji yenyewe ukiyawekea mkono, mashine ya kukaushia mikono kwa upepo wa moto, na vyoo vya kukaa vyenye vitufe viwili juu ya tangi, kimoja kidogo na kimoja kikubwa. Nauli ya kuingia, kama tunavyoiita kwa utani, ilipanda kutoka shilingi 200 hadi 500.

Kabla ya hapo palikuwa na choo cha kuchuchumaa, sakafu ya saruji na mama mmoja mhudumu ambaye tulijuana kwa salamu tu. Chini ya kila sinki alikuwa ameikata bomba ya kutolea maji, akaweka ndoo. Maji ya kunawia mikono yalijaa humo, naye akayachota kwa kopo na kumwagia vyooni. Siku moja nilimuuliza nani amemfundisha. Akacheka. “Mzee wangu, nani anifundishe? Maji nanunua kwa dumu. Nimwage ya dumu chooni, watoto watakula nini?”

Waliotengeneza choo kipya waliziondoa zile ndoo siku ya kwanza. Bomba za masinki zikaunganishwa na bomba kuu, na maji yenye povu la sabuni tu yakaanza kwenda moja kwa moja shimoni, huku juu, matangini, yakivutwa maji safi ya kunywa kusukuma mkojo. Hili ndilo kosa langu la kwanza kwa jengo hili, na naliona kubwa kuliko mengine: lilikuta hekima ndani ya nyumba, likaifagia pamoja na taka.

Nisieleweke kwamba napinga vitufe viwili. Ni uvumbuzi mzuri. Vilianza kuuzwa Australia mwaka 1980, nchi inayojua kiu, na tangi lao la kwanza lilitumia lita 11 kwa haja kubwa na nusu yake kwa haja ndogo. Siku hizi yapo ya lita 6 na 3. Tupige hesabu ya mfano. Stendi yenye watu 5,000 wanaoingia msalani kwa siku, kwa tangi la zamani la lita 9, huvuta lita 45,000. Kwa tangi la vitufe viwili, tukikadiria kwamba wanne kati ya kila watano wana haja ndogo, inavuta lita 18,000. Tofauti hiyo si ya kubeza hata kidogo. Sisi tunaoishi Dar es Salaam tulionja mwishoni mwa mwaka 2022 maana ya mto Ruvu kupungua na maji kuwa ya mgawo.

Lakini hesabu hiyo ni ya karatasini. Kwanza, kitufe kidogo kinahitaji mtu anayejua maana yake, na abiria aliyeshuka kwenye basi akiwa ameambiwa “dakika kumi tu jamani” hana muda wa kutafsiri michoro. Anabonyeza vyote kwa kiganja, na tangi linamwaga lote. Pili, na hili mafundi wanalijua vizuri kuliko wakubwa wao, matangi haya hufungwa kwa mpira ulioko chini. Mpira ukichakaa, au ukiingiwa na mchanga, na maji yetu hayakosi mchanga, yanaanza kuchuruzika kimya kimya ukutani mwa bakuli, mchana na usiku. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza karibu lita 30 kwa siku. Tangi lenye mpira mbovu halidondoshi tone tone, linatiririsha, na laweza kupoteza mamia ya lita kabla hakujapambazuka. Niliposimama pale mara ya pili, vyumba vitatu kati ya vinane vilikuwa vinaimba. Hapakuwa na mpira wa akiba. Ulikuwa unaagizwa kutoka nje.

Kopo la lita mbili halina mpira. Kule India, Bindeshwar Pathak, aliyeanzisha Sulabh mwaka 1970 na kufariki mwaka 2023, alijenga kazi yake yote juu ya jambo dogo kama hilo: bakuli lenye mteremko mkali linalosafishwa kwa lita moja na nusu au mbili za kumwagia kwa mkono. Watu wake walianza kutoza senti chache vyoo vya umma katika mji wa Patna mwaka 1974, na vikaenea hadi stesheni za reli na stendi za mabasi, vingine vikizalisha gesi ya kuwashia taa kutokana na kinyesi cha wapita njia. Wala hakuna aliyeona haya kwamba ni kopo.

Kuhusu mashine ya upepo wa moto nitasema sentensi moja. Sijamwona mama yeyote mwenye khanga akiisubiri.

Sasa nije kwenye shilingi 500. Kutoza si dhambi. Waingereza walitozwa peni moja katika maonyesho makubwa ya London mwaka 1851, na zaidi ya watu 800,000 walilipa. Maji, sabuni na mshahara wa mhudumu havitoki mbinguni. Jijini Nairobi msanifu majengo David Kuria aliyejenga Ikotoilet alitoza shilingi 5 za Kenya, na hakutegemea hizo peke yake. Ubavuni mwa choo aliweka mng'arisha viatu na kibanda cha vinywaji, nao wakasaidia kulipia choo. Nalisifu wazo hilo hadi leo, kwa sababu lilimwangalia mtu mwenye haraka na sarafu chache, likajengwa kumzunguka yeye.

Katika stendi yangu bei ilipopanda, foleni ilipungua. Walioendesha choo walifurahia: maji yameshuka, ripoti ni nzuri. Nikazunguka nyuma ya ukuta, penye mabasi mabovu. Harufu iliyokuwapo pale haina haja ya kuelezwa. Utingo, wapiga debe, wachukuzi, wauza mayai, watu wanaoshinda stendi kutwa nzima na wanaohitaji kuingia mara tatu nne, hawawezi kulipa shilingi 2,000 kila siku kwa ajili ya mkojo. Na mabasi nayo yakaanza kusimama porini kilometa chache mbele, kuchimba dawa, kama tunavyosema sisi kwa aibu zetu. Wanaume walikwenda kushoto, wanawake kulia, na bibi mmoja mwenye mguu mbaya alibaki ndani ya basi akijizuia hadi Iringa. Mvua za masika zinaposhuka, yote yaliyoachwa nyuma ya ukuta ule huenda mtaroni, na mtaro huenda mtoni, na chini ya mto kuna watu wanaofua na kuchota. Maji yale yaliyoandikwa katika ripoti kuwa yameokolewa yalikuwa maji ya watu waliofukuzwa. Mimi siyaiti akiba.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja, nacho si lita kwa kila anayevuta. Nauliza: katika watu wote wanaopita hapa kwa siku, haja ya wangapi imefika mahali salama? Na hapo ndipo nilipokwenda kuangalia mwisho wa bomba, jambo ambalo kibao cha mlangoni hakikulitaja. Choo kile hakina mfereji wa mji. Kina karo nyuma, na karo likijaa huitwa gari la kunyonya majitaka. Gari likienda hadi kwenye mabwawa ya kutibu majitaka, vema. Lakini mabwawa yako mbali, mafuta ni ghali, na dereva anajua korongo la karibu. Nilimuuliza msimamizi kama huwa anadai stakabadhi ya mabwawani. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa stakabadhi ya jua. Karatasi hiyo moja, kwa maoni yangu, ingefaa mazingira kuliko vigae vyote vile.

Wapo wanaopendekeza vyoo vya ukutani vya wanaume visivyotumia maji kabisa. Vinafaa, na mkojo si uchafu wa kutupwa: sehemu kubwa ya naitrojeni inayotoka mwilini mwa binadamu imo katika mkojo, na ukihifadhiwa miezi kadhaa ni mbolea. Mashamba ya mahindi yanaanza hatua mia mbili kutoka stendi. Lakini vyoo hivyo vina kizibo cha mafuta kinachozuia harufu, na mhudumu asipoelezwa humwaga ndoo ya maji na dawa kwa nia njema, mafuta yakaondoka, na baada ya wiki magadi ya mkojo yakaziba bomba. Ndiyo kusema kifaa cha kuokoa maji bila siku mbili za kumfundisha anayekishika ni hasara iliyong'arishwa.

Na wanawake? Vyumba vinne kwao, vinne kwa wanaume, kana kwamba usawa ni kuhesabu milango. Mwanamke huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi ana mtoto mkononi, na wanaume walikuwa pia na ule ukuta wao wa kukojolea. Ndani hapakuwa na chombo cha kutupia taulo za hedhi. Zilitupwa bakulini, bakuli likaziba, na ili lizibuke zilimwagwa ndoo kumi za maji. Pipa lenye mfuniko, la shilingi elfu chache, halikuwamo katika mradi wa rafiki wa mazingira, labda kwa kuwa kikao kilichoupitisha kilikuwa cha akina baba watupu. Hilo nakisia tu, lakini sidhani nimekosea sana.

Nilipita tena mwanzoni mwa mwaka 2023. Mabomba ya kujiendesha yalikuwa yamekufa, mawili yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. Vyumba viwili vilikuwa na kufuli. Yule mama alikuwapo bado, amezeeka kidogo, sasa akiwa ameajiriwa na mzabuni kwa mshahara aliosema ni wa soda. Chini ya sinki la mwisho, nyuma ya mlango, niliiona ndoo. Bomba ilikuwa imekatwa tena.

“Wakija wakubwa naificha,” aliniambia, akanirudishia shilingi 300 katika ile 500 yangu, akanisisitiza nisimwambie mtu.

Nimemwambia msomaji, lakini stendi sikuitaja.