Santuri ya Caruso na Gunia la Rigoletto

Niliwahi kudai, tena kwa kujiamini, kwamba wimbo mashuhuri wa Duke katika opera ya Rigoletto ni kijembe chepesi tu cha mwanamume anayewadharau wanawake. Ushahidi wangu ulikuwa nakala ya santuri ya Enrico Caruso, iliyorekodiwa New York mwaka 1904. Leo nakiri: nilihakiki santuri nikidhani nahakiki opera.

Tuanze na fani. Wakati ule kurekodi hakukutumia maikrofoni. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyochora mifuo kwenye nta. Caruso anasindikizwa na piano peke yake, na wimbo haufiki dakika tatu. Mikwaruzo ipo, lakini sauti inapenya, safi na yenye kiburi. Ukimaliza kusikiliza, unatabasamu. Hapo ndipo niliponaswa.

Hebu turudi kwenye kazi yenyewe, ambayo Verdi aliitoa Venice mwaka 1851. Katika sehemu ya tatu wimbo huo unasikika mara tatu: Duke anauimba kilabuni, anaurudia akisinzia, kisha unatoka mbali gizani. Wakati huo Rigoletto ameshika gunia, akiamini ndani yake mna maiti ya Duke aliyelipia auawe. Anausikia wimbo. Basi aliye guniani ni nani? Ni Gilda, binti yake, aliyejitoa afe badala ya Duke. Duke anaimba kwamba wanawake ni vigeugeu, kumbe kigeugeu ni yeye, na mwanamke ndiye anayekufa kwa uaminifu. Kejeli yote imo katika kurudiwa kule, na santuri imetupa mara moja tu.

Cha ajabu, kinanda cha mtaani cha kuzungusha kwa mkono, kisicho na maneno wala mwimbaji, kinaukaribia ukweli huo zaidi. Pini za pipa lake hurudia tuni ileile bila huruma, na mpita njia huitambua kabla hajamwona mpigaji. Si ndivyo alivyoitambua Rigoletto?

Sisemi santuri zitupwe, la hasha! Bila hizo tusingemsikia Caruso. Ila sisi tunaokwenda kukusanya fasihi simulizi na vinasa sauti vyetu tujiulize: tumerudi na tukio, au na wimbo tu? Anayeona nimepotoka tena, uwanja ni wake.