Jongoo Kwanza, Twiga Baadaye: Timbo la Bamburi Lilivyogeuzwa Msitu

Mgeni anayeingia Haller Park, kando ya barabara ya Mombasa–Malindi, aghalabu hunyoosha moja kwa moja kwa twiga. Anamwagiwa chakula kiganjani, twiga anainama, ulimi mrefu unachota, picha inapigwa. Ni wachache wanaotazama chini, ilhali sehemu ngumu ya kazi ya kugeuza timbo la Bamburi kuwa bustani hii ilifanyika huko chini.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954. Malighafi yake ni mwamba wa matumbawe ya kale, kwa hiyo saruji ilivyozidi kutoka ndivyo timbo lilivyozidi kupanuka. Wachimbaji walishuka hadi karibu na usawa wa maji ya ardhini. Walichoacha nyuma ni sakafu ya mwamba mtupu, nyeupe, inayorudisha makali ya jua usoni, na maji yaliyo chini yake yana chumvi. Udongo haukuwepo hata kidogo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa tayari mwajiriwa wa kampuni hiyo, alianza kutafuta kitakachokubali kuota hapo.

Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu: mnazi, mdamasi na mvinje. Ushindi wa mvinje hauwashangazi watu wa Pwani, maana ni mti wanaouona ufukweni ukipigwa na upepo wa chumvi bila kunyauka, na nguzo zake wamezijengea kwa miaka mingi. Ila sifa yake kubwa imo mizizini. Humo huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuugawia mti, kwa hiyo mvinje huota mahali ambapo mahindi yasingefika hata kimo cha goti.

Kivuli kikapatikana. Udongo je?

Hapo ndipo mpango ulipokwama. Mvinje hauachi kupukutisha vijani vyake vyembamba kama sindano, navyo vimejaa tanini, kemikali chungu inayowafukuza wadudu na vijidudu vya kuozesha. Vijani vikarundikana chini vikavu, mwaka hadi mwaka, bila kuwa mboji. Rutuba yote ilifungiwa humo. Haller akagundua kuwa yupo kiumbe mmoja anayevila bila shida: jongoo mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, yule yule anayejitokeza kila mvua zikianza Pwani. Jongoo wakakusanywa na kumwagwa msituni kwa wingi mno. Walitafuna, wakasaga, na kinyesi chao bakteria wakakimaliza kukiozesha. Tena ganda la jongoo hujengwa kwa chokaa, na kama kuna kitu kisichokosekana kwenye timbo la Bamburi, ni chokaa.

Mboji ilipoanza kujilimbikiza, hatua nyingine ziliwezekana: miti ya asili kama mvule ikapandwa chini ya kivuli cha mivinje, ndege na popo wakaleta mbegu wenyewe, na baadhi ya mivinje ikakatwa ili kupisha mwanga na kuuzwa nguzo. Mabwawa ya samaki yalichimbwa, mamba wakafugwa. Pofu na choroa waliletwa pia, na samadi yao ikaongezea udongo. Mwaka 1984 wageni wakaanza kuingia. Ukifuatilia mfuatano huo utaona kwamba wanyama wakubwa, wanaolipiwa kiingilio, walikuja wakati mezani tayari pameandaliwa.

Dunia, hata hivyo, iliijua Bamburi kwa habari nyingine. Tsunami ya Desemba 2004 ilimwacha kiboko mchanga amekwama baharini karibu na Malindi. Akaokolewa, akapewa jina Owen, akaletwa hapa, naye akamng'ang'ania Mzee, kobe wa Aldabra mwenye umri wa zaidi ya karne. Kisa kitamu, na kiliuza vitabu vingi. Lakini kingeweza kutokea katika bustani yoyote ya wanyama. Cha jongoo kisingeweza.

Inafaa pia kusema ambacho Bamburi si. Si msitu wa zamani uliorudishwa. Kobe wa Aldabra ni wa visiwa vya Bahari ya Hindi, na twiga wake hawakuwahi kuwa wanyama wa ukanda huu wa matumbawe. Ni mfumo uliotungwa na watu, na unahitaji kuendelea kusimamiwa. Isitoshe, ulikuwa na bahati ambayo maeneo mengi ya viwanda hayana: mwamba ulikuwa fukara, haukuwa na sumu. Kwenye eneo lililoachwa na kiwanda cha betri au ngozi, ambako risasi au kromiamu imezama ardhini, jongoo wangekuwa wanasambaza tatizo badala ya kulimaliza, na hatua ya kwanza ingekuwa kupima udongo maabara, kabla ya mche wowote.