Wafu Wenye Madai: Kiza Katika Kazi Tatu za Nathari ya Kiswahili

Makala haya yanachunguza kazi tatu ambazo, zaidi ya nyingine zote, zilinijengea ladha ya fasihi ya kutisha: Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla na Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed. Dai letu ni kwamba kiza katika kazi hizi hakikutiwa kwa ajili ya taharuki tu. Kila penye kutisha pana kesi inayosikizwa, na anayetishwa ana jambo la kujibu.

Suala hili linatugusa walimu moja kwa moja. Hapa Isiolo, darasa moja huwa na Waborana, Wameru, Waturkana, Wasamburu na Wasomali, Waislamu kwa Wakristo. Mwanafunzi kutoka Garba Tula huenda amesikia habari za ayaana, na mwenzake wa Kiturkana anajua emuron ni nani. Baadhi ya wazazi, na hata walimu wenzetu, huona kuwa vitabu vyenye majini na mizimu hueneza ushirikina, na kuna maktaba za shule ambamo vitabu hivyo huondolewa kimyakimya. Kabla ya kuviondoa, yafaa tuulize vinasema nini.

Huko Ulaya, riwaya ya kutisha iitwayo ya Kigothi huhesabiwa kuwa ilianza na The Castle of Otranto ya Horace Walpole mwaka 1764, ikiwa na kasri kuukuu na laana ya ukoo. Waandishi wetu hawakulazimika kuazima kasri. Walikuwa na majini wa Alfu Lela Ulela, mizimu ya mashambani na wahenga wasiokubali kusahauliwa.

Kisa cha Adili kina asili yake katika hiyo Alfu Lela Ulela. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anafika Janibu kukusanya kodi. Usiku anamchungulia mwenyeji wake, Liwali Adili, akiwachapa manyani wawili, kisha akiwabembeleza na kuwalisha. Kwa maoni yangu, hakuna tukio la kutisha kuliko hili katika nathari ya Shaaban Robert. Hofu haitokani na manyani bali na mkono unaowachapa: inakuwaje mtu mwema hivi awe na siri ya namna hii? Tunapogundua kuwa manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa uovu waliomtendea, twatambua kuwa adhabu inamuumiza anayeitekeleza pia. Udhaifu wa kazi hii ni haraka ya kutufariji. Mfalme Rai anawaombea msamaha, nao wanarudia umbo la binadamu. Majina yenyewe yametoa hukumu kabla ya kesi kusikizwa, kwani aliyeitwa Hasidi atajitetea vipi?

Abdulla anachukua njia tofauti. Kazi yake ilishinda shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau la 1957-58. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, na jibu rahisi liko tayari: mzimu umeua. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko ambaye wahakiki humfananisha na Sherlock Holmes, hatosheki na jibu hilo. Anatafuta mkono wa binadamu. Hofu hapa ni pazia, na swali ni nani ananufaika wengine wakiogopa kulifunua. Mzazi anayechelea ushirikina angempata Abdulla kuwa mshirika wake. Lakini fumbo linapofumbuliwa, kiza nacho kinatoweka. Msomaji anafunga kitabu akiwa ametulia mno, na marehemu anabaki kuwa chanzo cha fumbo kuliko mtu wa kuombolezwa.

Babu Alipofufuka ndiyo inayonikosesha usingizi hadi leo. K, mtu wa tabaka la wakubwa aliyezoea raha, anajiwa na babu yake aliyekwisha kufa. Babu anamtoa katika starehe zake na kumtembeza ajionee hali ya nchi na watu wake. Mwandishi anatumia uhalisiajabu, wala hatuletei Bwana Msa wa kutueleza kuwa tulidanganyika. Mfu ndiye mwenye kumbukumbu na uchungu. Aliye hai ndiye asiyesikia. Hata jina lenye herufi moja linamnyima K uso wake, hivyo lawama inaweza kumwangukia kiongozi yeyote.

Tukizipanga kazi hizi kwa miaka yake, tunaona jini anayeadhibu, mzimu unaosingiziwa na mfu anayeshuhudia. Mwanafunzi anayeandika tu kwamba "kuna uchawi" au "mwandishi ametumia taharuki" ameacha kiini cha kazi. Darasani nimeona maswali matatu yakisaidia: Nani anatisha? Nani ananufaika na hofu hiyo? Aliyekufa anadai nini, na kwa nani? Mjadala hubadilika mara moja, kwa sababu wanafunzi wa eneo hili wanaijua hofu ya kweli. Wanajua habari za wizi wa mifugo unaoacha makaburi, na wanajua makaburi ambayo hakuna aliyewahi kuyajibia.

Kwa hiyo pendekezo letu ni kwamba vitabu hivi vibaki katika maktaba, tena visomwe kwa kulinganishwa. Mwalimu aanze na Adili, ambaye mafunzo yake yako wazi, apitie kwa Bwana Msa ili wanafunzi wazoee kudai ushahidi, kisha awafikishe kwa Babu. Hapo watakuwa tayari kwa mzuka ambao hauwezi kufukuzwa kwa mawaidha wala kwa upelelezi, mpaka aliye hai akubali kujibu.