Daftari la Johnny, Kalamu ya Baba

Wenzangu wa kalamu, kuna kitabu kimeninyima usingizi: Miss Ulysses from Puka-Puka, kilichotoka New York mwaka 1948. Mwandishi ni Florence "Johnny" Frisbie, binti wa mfanyabiashara Mmarekani na mama wa Pukapuka. Alianza kukiandika akiwa na miaka 12 hivi. Kumi na miwili, jamani! Umri huo wengi wetu tulikuwa bado tunanakili insha ya "Siku Nisiyoisahau".

Pukapuka ni kisiwa cha matumbawe katika Visiwa vya Cook, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Rarotonga, kwenye makao makuu. Watu wake ni mia chache tu. Lugha yao ni ya Kipolinesia, ila si ile ya Rarotonga. Nyumba, Wasamoa husema fale, Rarotonga 'are, Pukapuka wale (usicheke, siyo "wale" wetu). Neno moja tu, na kwenu kumejulikana.

Sasa ndipo ninapogomba. Johnny aliandika akichanganya Kipukapuka, Kirarotonga na Kiingereza, kama wengine tunavyowaandikia marafiki. Baba yake, Robert Dean Frisbie, naye mwandishi, akatafsiri na kuhariri. Kilichotufikia ni Kiingereza. Kinasifiwa kuwa kitabu cha kwanza cha fasihi kuchapishwa na mwanamke wa visiwa vya Pasifiki. Sifa hiyo sibishani nayo. Lakini nikikuta sentensi imenyooka kama imepigwa pasi, najiuliza: hii ni ya mtoto au ya mzee? Alipoogopa alikimbilia lugha ipi? Na utani je, aliutania kwa ipi? Hata jina la kitabu limeazimwa kwa Wagiriki.

Kusema haki, bila baba huenda kisingetoka. Mchapishaji gani wa New York wakati ule angepokea daftari la lugha tatu? Mzee alifungua mlango, binti akapita, lugha ya mama ikabaki nje.

Nayo ilingoja sana. Mary Salisbury aliandika tasnifu ya sarufi yake huko Auckland mwaka 2002. Mwaka 2003 sheria ya Visiwa vya Cook ikaitambua Kipukapuka kama sehemu ya Kimaori cha nchi hiyo. Johnny alikuwa ameshapita miaka 70.

Kisomeni, mtoto ana jicho kali. Ila mimi ningetoa sura nzima ya Kiingereza kile nipate ukurasa mmoja tu wa daftari, na makosa yake yote.