Mgongo wa Mtangazaji

Kitabu hiki nilikichukua kwa sababu ya mgongo. Mama mdogo aliumwa mgongo karibu mwaka mzima, akaambiwa ni umri, apunguze kuinama. Ilipokuja kujulikana ni mieloma, saratani ya uboho, pingili za uti zilikuwa zimeshabonyea.

Tom Brokaw, aliyesoma habari NBC kule Marekani kuanzia 1982 hadi 2004, naye alidhani ni maumivu ya kawaida ya mtu asiyetulia. Agosti 2013, akiwa na miaka 73, madaktari wa Mayo Clinic walimwambia ukweli. Kumbukumbu zake, A Lucky Life Interrupted, zikatoka 2015.

Kusema kweli, anaandika vizuri. Sentensi ni za mwanahabari, hazilii wala hazijisifu. Napenda sana anapomweleza binti yake, ambaye ni daktari, akimsaidia kuelewa lugha ya hospitali. Jamani, aliyehoji marais anahitaji mkalimani wa mwili wake mwenyewe!

Ila ana tabia ya kutoroka. Maumivu yakikaribia, anaturudisha kwenye vita na safari za kazi. Mimi nilitaka abaki kitandani kidogo.

Maana ugonjwa huu una fumbo ambalo mwandishi hawezi kulikwepa. Upasuaji wake hauondoi saratani. Saruji maalumu huingizwa kwenye pingili iliyobonyea, au chuma huwekwa kwenye mfupa wa paja, ili mwili ubebe uzito wake. Nguzo inaimarishwa, mchwa bado wamo. Kuwapunguza ni kazi ya dawa. Kwa hiyo hata Brokaw alipotangaza Desemba 2014 kwamba ugonjwa umetulia, hakuwa amepona. Kumbukumbu za ugonjwa hupenda kumalizia na ushindi, lakini mieloma haitoi mwisho wa namna hiyo. Kurasa zake bora ni zile anazokubali kuishi na jambo lisilokwisha.

Na hiyo "bahati" ya kwenye jina? Anakiri kwamba dawa ni ghali na yeye anazimudu. Anakiri, halafu anapita. Hapo ndipo nilipokwama.

Nilimsimulia mama mdogo, amelala chali, mto chini ya magoti. Akasikiliza, akasema, "Huyo ana hela. Lakini mgongo anaujua."

Kisomeni. Ila someni mkikumbuka walioambiwa ni umri.